Wanasema Hawanaye

3 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Najua unaisoma barua hii umesimama kwenye kaunta ya duka la miwani, na pembeni kuna mteja amekaa na lile chuma la lenzi puani, anasubiri umuulize mstari upi unaonekana. Mhudumie kwanza. Mimi sina haraka.

Umemaliza? Haya. Nimechaguliwa! Kati ya wanafunzi ishirini na sita wa Kiitaliano chuoni kwetu, watatu tu ndio tunakwenda kwao Waitaliano kwa miezi mitatu kujifunza ukalimani, kuanzia Septemba. Nilipoona jina langu ubaoni nilipiga yowe mpaka mlinzi akatoka kibandani kwake akidhani nimeumwa na nyuki. Mwambie Mama kwa namna unayoijua wewe. Mimi nikitaja Kiitaliano mbele yake huanza kuichambua pamba ya magodoro yake kama vile imemtukana.

Sasa nikusimulie la leo. Unamjua yule mwalimu wangu, mama mfupi anayevaa saa mbili, moja kila mkono. Haliachi neno mpaka ajue limezaliwa wapi. Leo alituletea kitenzi mancare. Sisi tunasema "nimekukosa", na kazi yote naifanya mimi ninayekosa. Wao wanasema mi manchi. Ukilifasiri neno kwa neno, "wewe unapungua kwangu". Yaani mtendaji ni wewe! Umekaa zako mbali unapima watu macho, huna hili wala lile, kumbe ndiye unayefanya kazi yote.

Mzizi wake uko kwenye Kilatini. Kulikuwa na neno mancus, mtu mwenye kilema cha mkono. Mwalimu anasema wengi wanalihusisha na manus, ndiyo mkono wenyewe. Kutoka hapo maana ikatambaa: mwenye upungufu, kilichopungua, asiyekuwepo. Kwa hiyo Mwitaliano anapomwambia mwenzake mi manchi, chini kabisa ya maneno yake kuna mtu aliyebaki na mkono mmoja. Darasa zima tuliacha kuchezea kalamu. Hata wale wa viti vya nyuma.

Pembeni mwa daftari nikaandika: mi manchi, Mama. Mi manchi, Dada. Baba sikumwandika. Sijawahi kuwa naye, basi atapunguaje? Lakini Septemba nitamtafuta. Jina la mji ninalo, uliniambia mwenyewe. Nitampata popote alipo na huyo mke wake mpya, nitamuuliza swali moja tu, kwa Kiitaliano safi, asijifanye hajaelewa.

Mdogo wako,
Chiriku


19 Februari

Chiriku wewe,

Marahaba. Mteja alikuwepo kweli, na nilimsahau na lenzi puani robo saa nzima nikisoma habari zako. Hongera, mdogo wangu. Nimejisikia kama nimechaguliwa mimi.

Mama nilimwambia Jumapili. Alikuwa uani anashona godoro la watu wa ghorofani. Akasema, "Aende akafanye nini huko?" Nikamwambia, kusoma. "Kwani vitabu vya huku vimeisha?" Akaendelea kushona, na ile sindano yake ndefu ikavunjika katikati. Miaka yote hii sijawahi kuona ikivunjika. Alikaa anaitazama, kisha akaingia ndani, akasahau godoro juani likiwa tumbo wazi. Sikumfuata. Nikiri, niliogopa.

Lakini si hilo lililonifanya nichelewe kukujibu. Ni hilo neno lako.

Chiriku, neno hilo mimi nalijua. Nililisikia nikiwa na miaka tisa. Baba alikuwa ameondoka miezi saba kabla ya hapo, na wewe ulikuwa tumboni, umebakiza mwezi. Unajua jinsi alivyoondoka: ile kampuni ya Waitaliano ilipomaliza kujenga hospitali, walimpenda kwa jinsi alivyosaga sakafu za terazo, wakamwambia aende kwao miaka miwili, karakana fulani ina kazi. Barua zake zilikuja kila mwezi. Kisha miezi miwili kimya. Kisha ikaja hiyo moja, mwandiko si wake, lugha si yetu.

Mama akamwita Mzee Pronto. Wakati huo hakuwa mzee, alikuwa dereva wa lori la kokoto pale kampuni, na Kiitaliano alijifunza kwa kufokewa. Alisoma akiwa amesimama, kofia kwapani. Mimi nilikuwa chini ya meza nachambua pamba, nikaviona viatu vyake vikiacha kucheza. Nikachungulia. Aliweka kidole juu ya neno moja akalisema mara mbili, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi wa moto. Mancato. Mancato.

Mama akamwambia, "Mbona unanung'unika? Wanasemaje?"

Akasema, "Wanasema hawanaye."

"Hawanaye? Kaenda wapi?"

Mzee Pronto hakujibu. Alivaa kofia yake, akasema pole, akatoka.

Basi. Tangu siku ile, nyumbani kwetu Baba hayupo. Hakuna aliyesema amekufa, hakuna aliyesema yu hai. Hayupo tu, kama mtu aliyetoka kwenda dukani. Mtaani wakamalizia wenyewe: katoroka kazini, kapata mke, ana watoto weupe. Mama hakuwakatalia wala hakuwakubalia. Huyo mke mpya unayemtaja kila barua, mdogo wangu, nimekaa nikajiuliza ni nani aliyewahi kumwona.

Sasa niulizie huyo mwalimu wa saa mbili. Mtu akiwa mancato, amefanya nini hasa?

Dada yako


27 Februari

Dada,

Nakuandikia nikiwa kwenye ngazi za chuo, karatasi iko gotini, nisamehe mwandiko.

Nilimfuata mwalimu baada ya kipindi. Nikamwambia, kuna sentensi naijua nusu tu. Akaniuliza, "Ni manca, au è mancato?" Nikasema sijui, kuna tofauti gani? Akavua miwani.

Akasema, ukiita majina kazini na mtu hayupo, unasema manca. Hajafika, basi. Lakini ukiandika barua kwa watu wa mtu, ukasema è mancato na tarehe, bila kueleza zaidi, humaanishi hajafika. Ni adabu. Ni vile wanavyokwepa kutamka kufa. Akaniuliza, "Nyinyi kwenu hamsemi hivyo?" Nikataka kujibu hapana, halafu nikakumbuka. Dada, sisi tunasemaje mtu akifariki? Tunasema ametutoka. Tunasema hatunaye.

Hatunaye!

Naomba uitafute barua ile. Najua Mama hajawahi kumwonyesha mtu. Kama huwezi, basi mtafute Mzee Pronto, yupo bado? Nataka kujua alisoma nini. Kama kulikuwa na tarehe. Pengine nimejitia wazimu bure na wewe ulisikia vibaya, ulikuwa mtoto chini ya meza. Niambie nimejitia wazimu bure.

Usimwambie Mama chochote.

Chiriku


14 Machi

Kwa binti mdogo wa Fundi,

Hujambo, mwanangu. Hunijui vizuri. Ulipokuwa unajifunza kutembea nilikuwa nikikuona kwa mbali, nikavuka barabara. Mimi ndiye wanayemwita Pronto, kwa sababu msimamizi wetu akiita nilikuwa naitika hivyo, yaani "tayari", hata kama lori halina injini.

Dada yako ana mbinu. Alinitumia ujumbe kwamba wazee tunapimwa macho, njoo. Nikaenda mbio, maana siku hizi namsalimia mlingoti wa taa nikidhani ni jirani. Akanikalisha, akaniwekea chuma lake puani, akabadilisha lenzi moja, mbili, tatu. "Mzee, sasa unaona nini?" Nikamwambia naona mstari wa tano wote. Akasema, "Siulizi habari za ubao."

Nikajua. Miaka ishirini na mbili nimekuwa nikijiuliza ni nani kati yenu atakayekuja kuniuliza, na nitakimbilia wapi. Kumbe nitakuwa nimefungwa chuma usoni.

Nitakueleza kama nilivyomweleza yeye. Bahasha ile ilikuwa na mstari mweusi pembeni kuzunguka yote. Nilishaona moja kama hiyo, mhandisi wetu alipofiwa na mama yake. Nilijua kabla sijaifungua. Ndani iliandikwa è mancato, na tarehe: tisa Machi. Na kuumwa kifua. Na kidogo chini, ci manca molto, tunamkosa sana. Kiitaliano changu kilikuwa cha matusi na breki, lakini hayo niliyaelewa.

Nikainua macho nikamwona mama yako. Tumbo lilikuwa limegusa ukingo wa meza. Alikuwa ameshika pamba mkononi. Mwanangu, nilitaka kusema. Nilisema. Nilitafsiri sawasawa kabisa: wanasema hawanaye. Ni yeye aliyeniuliza kaenda wapi. Na katika swali lile nikaona amechukua maana nyingine, ile nyepesi, na mimi sikuwa na ubavu wa kumnyang'anya. Nikajiambia, ajifungue kwanza. Ukazaliwa. Nikajiambia, mtoto apate nguvu kwanza. Ukapata. Kisha nikasikia watu wanasema Fundi katoroka, kaoa, na mimi nilikuwa nimekaa palepale kijiweni na kikombe mkononi. Mwenzangu niliyekula naye, niliyelala naye kambi moja, anavuliwa nguo barabarani, nami nakunywa chai.

Ukitaka kunitukana, nitukane kwa Kiitaliano. Ndicho nilichozoea kutukanwa nacho, labda nitakielewa vizuri zaidi.

Mzee Pronto


25 Machi

Dada,

Barua ya Mzee Pronto imefika. Nimeisoma mara nyingi mno, imeanza kukatika kwenye mikunjo.

Sikumtukana. Nilianza, nikaandika ukurasa mzima, nikauchana. Ninayestahili kutukanwa ni mimi. Unakumbuka shule ya msingi, mwalimu aliposema tuandike insha kuhusu baba zetu? Niliandika sentensi moja: "Baba yangu ni mtu mbaya." Nilipata alama kumi kwa ujasiri. Nimejifunza lugha nzima, Dada, vitenzi vyote na nyakati zake zote, nikiwa nanoa swali la kwenda kumchoma nalo mtu aliyekufa kabla hata sijazaliwa.

Leo darasani tumefanya zoezi. "Tunga sentensi tano kwa kutumia mancare." Niliandika moja nikakwama. Mi manchi, Baba. Nilidhani huwezi kumkosa mtu ambaye hukuwahi kuwa naye. Unaweza. Nimeshindwa kula tangu jana, na sijui hata sura yake zaidi ya ile picha ya kitambulisho.

Mama tumwambie? Nimewaza mpaka kichwa kinauma. Akiwa na hasira naye, angalau ana mtu wa kumkasirikia. Tukimwambia, atabaki na nini? Sitaki kuamua peke yangu, na sitaki uamue wewe peke yako. Lakini wewe ndiye uliye naye.

Chiriku


20 Aprili

Mdogo wangu,

Nimemwambia. Ningekuuliza tena kwanza, lakini mambo yalinitangulia.

Jumamosi asubuhi nilikuwa namsaidia kujaza godoro. Nilijikaza kisabuni wiki tatu, siku hiyo nikashindwa. Nikasema, "Mama, ile barua ya Kiitaliano." Hakuuliza ipi. Alijikung'uta pamba magotini, akaingia chumbani, nikamfuata. Akachukua mkasi, akafumua mshono wa godoro lake mwenyewe, upande wa kichwani. Miaka ishirini na mbili ameilalia, Chiriku! Na godoro lile nimelianika juani mimi mwenyewe mara ngapi.

Akajifunga leso kichwani. "Twende kwa Pronto."

Tulimkuta nyumbani kwake anapangusa miwani niliyomtengenezea. Alipomwona Mama alisimama, akakaa, akasimama tena. Mama hakumsalimia. Alimnyooshea bahasha.

"Nisomee."

"Shemeji, mimi nilikuwa..."

"Nisomee yote. Sasa hivi sina mimba."

Akasoma. Alikuwa anasoma kidogo, anapumzika, anaanza upya. Nami nakuandikia kama alivyosema, maana niliomba karatasi nikayanakili. Ni mama mwenye nyumba aliyempangisha Baba chumba. Anasema: "Bibi mheshimiwa, kwa uchungu nakujulisha kwamba mume wako ametutoka tarehe tisa Machi, baada ya kuugua kifua kwa siku kumi na moja. Hakuwa peke yake. Tumebaki na pengo kubwa. Vitu vyake ninavyo, vimefungwa vizuri. Niambie nivitume wapi. Nasubiri jibu lako."

Mama akamuuliza, "Ilikuwa siku gani?"

"Tarehe tisa Machi, shemeji."

"Tarehe nimesikia. Siku. Jumatatu? Ijumaa?"

Hakuna aliyejua. Alionekana kama hilo ndilo lililomuuma kupita yote. Mzee Pronto alianza kulia, kwikwi za mtu mzima, na Mama akamwacha alie bila kumwambia nyamaza, bila kumwambia pole. Mwisho akasema, "Ulipaswa kurudi, Pronto. Hata mara moja. Ungerudi nikiwa sina mimba." Kisha akachukua barua yake tukaondoka.

Amewaambia majirani. Amesema kwa sauti, pale uani: "Mume wangu amefariki." Watu walikuja siku tatu, wakakaa juu ya magodoro ya wateja. Wengi hawakujua pa kuanzia. Pole ya msiba wa zamani hivyo mtu anaisemaje? Yule mama wa ghorofani, aliyekuwa akisema zaidi ya wote habari za mke mpya, alikaa pembeni siku zote tatu akichambua pamba, hakuinua uso. Mama alimpa chai kama wengine.

Mimi nililia siku ya pili. Nilikumbuka alikuwa akinibeba mabegani akiwa na vumbi la mawe kwenye nyusi. Nilikuwa nimejikataza kulikumbuka hilo.

Anasema atakuandikia mwenyewe. Nimemwambia nimwandikie, amekataa.

Dada yako


12 Mei

Mwanangu,

Nimeandika polepole, kwa hiyo soma polepole.

Dada yako anadhani nilidanganywa. Pronto anadhani alinidanganya. Nimewaacha wadhani hivyo kwa sababu sikuwa tayari kusema, lakini wewe nitakwambia, maana wewe ndiye uliyeumia zaidi.

Nilisikia vizuri. Mtu akisema "hatunaye", hata mtoto anajua maana yake. Lakini Pronto alisema "hawanaye". Katika silabi hiyo moja nikaona pa kupenya. Wao hawanaye. Basi huenda ametoka kwao, yuko njiani, anakuja kwangu. Nikauliza haraka, kaenda wapi, kabla hajasema neno jingine. Alivyonyamaza nilimshukuru. Nilimshukuru na nikamchukia saa hiyo hiyo, na sikuacha lolote kati ya hayo mawili.

Utaniuliza, ulijua au hukujua? Mwanangu, sijui nikujibu nini. Kuna siku nilijua tangu asubuhi mpaka jioni. Kuna siku nilipiga pasi shati lake. Seremala wa vitanda alikuja kunichumbia wewe ukiwa na miaka minne, mtu mzuri, nikamwambia nina mume. Sikusema uongo na sikusema kweli.

Waliposema katoroka, niliona bora. Mtu aliyetoroka anaweza kurudi. Nilikuwa nagombana naye hapa uani, kimoyomoyo, kila nikishona. Kwa nini hukuandika? Kwa nini umeniachia huyu mtoto anayeongea mchana kutwa? Nilimpa majibu yake pia, maana nilikuwa naijua sauti yake. Ukigombana na mtu kila siku, hajafa.

Kosa langu ni moja. Nilikuacha umchukie. Nilikuona ukirudi na ile insha yako ya alama kumi, nikaisoma, nikaikunja, nikakupa chakula. Ningeweza kusema neno. Lakini nikisema neno moja la kumtetea, ingebidi niseme yaliyobaki. Nikakuacha umchukie mtu asiyeweza kujitetea, ili mimi nipate kumngoja. Nisamehe. Hili siombi kama mama, maana mama huombwa tu radhi. Naomba kama mtu.

Baba yako alijua wewe upo. Nilimwandikia nikiwa na miezi minne, akajibu kwamba kama ni msichana asifundishwe kushona magodoro, apelekwe shule mpaka shule ziishe. Nilikuficha hilo pia. Ulidhani nakusomesha kwa akili yangu.

Nenda Septemba. Ukimpata huyo mama mwenye nyumba, au mtu wake, mwambie nasikitika kwa kutojibu. Na niulizie alikuwa anasema nini. Si siku ile ya mwisho. Siku za kawaida, akirudi kazini, akinawa mikono. Hizo ndizo nilizozikosa.

Mama


28 Septemba

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima. Baridi ya huku imeanza na kila mtu ananiambia hii si baridi bado.

Nimempata. Nilikwenda Jumapili kwenye anwani iliyo nyuma ya bahasha, nikiamini nitaambiwa alishahama au alishakufa. Mlango wa ghorofa ya nne ukafunguliwa na bibi wa miaka themanini na tatu, mwembamba, aproni imejaa unga. Nilikuwa nimeandaa sentensi tangu kwenye treni. Sikuitumia. Aliniangalia usoni, akashika fremu ya mlango, akalitaja jina la Baba. Sikujua kama nafanana naye kiasi hicho. Mbona hamkuniambia?

Alinikalisha mezani jikoni, mahali alipokuwa anakaa Baba. Akaniuliza, "Kwa nini mama yako hakunijibu?" Hakuuliza kwa ukali. Nikamwambia, "Barua ilichelewa kusomwa." Akasema, ndiyo, posta. Sikumsahihisha. Nimempa salamu zako na masikitiko yako yote, ameyapokea.

Ilikuwa Alhamisi, Mama. Alhamisi, kama saa nne asubuhi. Bibi huyu alikuwa naye, pamoja na mwanawe, na wenzake Baba wawili wa karakana waliokuja na nguo za kazi. Nimekwenda makaburini naye, tukipumzika kila benchi. Kaburi lipo. Wale wenzake walimtengenezea bamba la terazo wakalisaga kwa mikono yao mpaka limekuwa laini kama sahani. Nililipapasa, halina hata mkwaruzo. Vitu vyake alivitunza miaka sita, kisha akawapa wale mafundi vyombo vya kazi, na nguo akazigawa. Aliniomba radhi kwa hilo. Nilimwambia amefanya vema.

Sasa lile uliloniagiza.

Anasema alikuwa akirudi saa kumi na moja, ananawa mikono kwenye sinki la jikoni, muda mrefu, kucha kwa kucha, kwa sababu vumbi la mawe halitoki haraka. Na akiwa amempa mgongo hivyo, ananawa, ndipo alipokuwa akikutaja. Kiitaliano chake kilikuwa kibovu. Kila jioni alikuwa anasema, "Io manco mia moglie." Alitaka kusema nimemkosa mke wangu, Mama, akafanya kama tunavyosema sisi, akajiweka yeye mwenyewe kuwa mtendaji. Kwao hivyo ni kosa. Inakuwa kama kusema, "Mimi napungua."

Bibi huyu alikuwa mwalimu wa shule ya watoto, hakuweza kuvumilia. Kila jioni alimsahihisha. "Hapana. Mkeo ndiye anayepungua kwako. Sema mi manca." Baba alicheka, kesho akarudia vilevile. Mpaka siku moja akafunga bomba, akageuka, mikono ikidondosha maji sakafuni, akamwambia kwa upole:

"Mama, nimekuelewa tangu siku ya kwanza. Lakini si kweli. Mke wangu hajapungua. Yuko kwake, mzima, anashona, ana mtoto mmoja mezani na mwingine tumboni. Aliyepungua ni mimi."

Tangu hapo, anasema, hakumsahihisha tena.

Mwanao